Je, picha zangu za ndege ni za kale kweli, na kitabu nikikate?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa biolojia, naishi Tanga. Mwaka jana nilinunua kwa fundi wa fremu picha mbili za ndege, moja ya heroe na nyingine ya kasuku wa kijani wenye vichwa vya manjano. Kila moja ina urefu wa sentimita 40 hivi na upana wa 30. Chini yameandikwa majina ya Audubon na Havell, na neno London, na ile ya heroe ina mwaka 1838. Fundi alinihakikishia kuwa ni za kale. Baadaye, kwenye vitu vilivyobaki katika nyumba ya zamani ya wamisionari, nikapata juzuu moja ya* A History of British Birds *ya Morris. Jalada limeng'oka, lakini ndani kuna picha nyingi za rangi, madoa ya kahawia na harufu ya uvundo. Rafiki yangu ananishauri nizikate picha nikaziuze moja moja, ati huko ndiko kwenye fedha. Mimi nimeshapenda, nataka kukusanya vitabu vya ndege vya kale. Je, nilicho nacho ni mali? Nikate? Harufu niiondoeje? Na mtu wa mshahara wa mwalimu aanzie wapi?"*

Marahaba, mwalimu. Maswali yako ni manne, lakini naona wasiwasi wako ni mmoja: usije ukawa umetoa fedha kwa kitu kisicho chenyewe, na usije ukaharibu kilicho chenyewe kwa kutokujua. Wasiwasi huo una msingi, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Nianze na habari isiyopendeza. Picha zako mbili hazikuchapwa na Havell, mchapaji wa Audubon huko London. Nasema hivyo bila kuziona, kwa sababu umenipa vipimo, na vipimo vinatosha. John James Audubon alitaka kila ndege wa Marekani achorwe kwa ukubwa wake wa kweli. Kitabu chake, *The Birds of America*, kilitoka kwa mafungu kati ya 1827 na 1838 kikiwa na picha 435, kwenye karatasi kubwa mno, karibu sentimita 100 kwa 67. Hata hivyo kuna ndege waliomshinda. Mtazame heroe wako: ameinamisha shingo mpaka kichwa kiko karibu na miguu. Angesimama wima asingeenea kwenye karatasi. Hiyo ni picha ya 431. Karatasi ya sentimita 40 kwa 30 haiwezi kumbeba ndege huyo kwa ukubwa wake, hata ukidhani kwamba kuna mtu aliyekata pembe zake.

Pengine utauliza kama si toleo dogo. Lilikuwepo. Kati ya 1840 na 1844 Audubon alitoa toleo la juzuu 7 lenye picha 500, lakini karatasi zake ni kama sentimita 26 kwa 17, yaani ndogo kuliko zako, na jina la Havell halimo kwa sababu kazi ile ilifanyika Marekani. Kuna pia toleo la Julius Bien wa New York, la 1858 hadi 1860, lililokwama njiani. Hilo lilirudia ukubwa ule ule wa kwanza. Zako haziingii popote kati ya matoleo haya matatu. Ni nakala za karne ya 20 au za juzi tu, na fundi wako huenda aliamini kwa moyo safi alichokuambia.

Kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya ni kusoma maandishi ya chini na kuyachukua kama cheti. Jina la mchoraji, jina la mchapaji, mji na mwaka vyote vimo ndani ya picha. Aliyepiga picha ukurasa wa 1838 ili auchape upya amenakili na mwaka wake. Kwa hiyo unapotaka kujua umri wa picha, maandishi yaache kwanza. Jiulize wino ulifikaje kwenye karatasi.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, maana ukilielewa hili utakuwa umejikinga na hasara nyingi. Nunua lenzi ndogo ya sonara, ile inayokuza mara 10. Haina bei kubwa, na ndicho chombo cha kwanza cha mkusanyaji, kabla hata ya kitabu cha kwanza. Iweke juu ya shingo ya heroe wako, kwenye waridi, chini ya mwanga mzuri. Picha za kisasa huchapwa kwa rangi nne: buluu, waridi iliyokoza, njano na nyeusi. Kila rangi nyingine unayoiona ni nukta za hizo nne zilizopangwa kwa mistari, na chini ya lenzi zinaonekana kama vishada vidogo vya maua vinavyojirudia bila kukosea. Ukiviona vishada hivyo kwenye picha inayodaiwa kuwa ya 1838, mjadala umekwisha, maana ufundi huo haukuwepo enzi hizo. Nakala za printa za siku hizi hazina vishada. Utaona vumbi la nukta za wino lililonyunyizwa sawasawa hadi ndani ya herufi.

Kazi ya Havell ilikuwa nyingine kabisa. Mistari ilichongwa na kuliwa na asidi kwenye bamba la shaba, wino ukajazwa kwenye mifereji, bamba likapanguswa, kisha karatasi yenye unyevu ikabanwa juu yake kwa mashine nzito. Karatasi inavuta wino kutoka mferejini, ndiyo maana mstari wa picha ya shaba umeinuka kidogo, na ukipitisha mwanga kwa upande utauona. Vivuli laini vilifanywa kwa unga wa utomvu uliopashwa moto juu ya bamba, na chini ya lenzi vinaonekana kama tope lililokauka na kupasuka, vipande visivyofanana. Bamba lenyewe huacha kovu la mstatili kuzunguka picha. Rangi zilipakwa baadaye kwa brashi, na watu, karatasi moja baada ya nyingine, kwa hiyo mahali fulani rangi imeuvuka mstari na mahali pengine haikuufikia. Karatasi nayo ni ya matambara ya kitani na pamba, na ukiiinua kwenye mwanga utaona jina la kiwanda cha Whatman na mwaka vimo ndani yake.

Njia ya tatu ni ya jiwe, litografia, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa karne ya 18. Mchoraji huchora kwa kalamu ya mafuta juu ya jiwe la chokaa lililosuguliwa. Jiwe hulowekwa maji, wino wa mafuta ukashika palipochorwa na kukataa kwingine. Hapa hakuna kovu la bamba. Chini ya lenzi utaona punje za kalamu, kama uzionavyo ukichora kwa chaki ukutani, na juu yake rangi ya maji. Vitabu vikubwa vya ndege vya Mwingereza John Gould, vilivyotoka kuanzia 1830, vilifanywa hivyo. Ukibahatika kuushika ukurasa wake mmoja, uegemeze kwenye mwanga utazame jicho la ndege: mara nyingi limepakwa gundi ya mgunga ili ling'ae, na mng'ao huo kamera hainakili.

Nikitaja Gould, siwezi kumpita Elizabeth, mkewe. Ni yeye aliyechora na kuhamishia kwenye jiwe picha nyingi za vitabu vya mwanzo, zaidi ya 600, na alifariki mwaka 1841 akiwa bado kijana. Ukikusanya vitabu hivi utazoea kusoma maandishi madogo chini ya picha ili kujua mkono ni wa nani, kwa maana jina lililo kwenye jalada mara nyingi ni la aliyesimamia kazi. Edward Lear alichora kasuku 42 kati ya 1830 na 1832, naye alikuwa bado hajafika hata miaka 21. Mholanzi J. G. Keulemans aliwachora ndege wa vitabu vya watu wengine kwa miaka mingi, na wanaokusanya leo wengi wanamtafuta yeye kuliko waandishi.

Kwa hiyo picha zako zifanyeje? Zibaki ukutani. Yule kasuku wa kijani mwenye kichwa cha manjano ni wa Carolina, picha ya 26 katika kitabu cha Audubon. Hayupo tena duniani. Wa mwisho kujulikana alifia katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, mwaka 1918. Mwalimu wa biolojia ana cha kuwafundisha wanafunzi hapo. Ila usiziuze kama za kale, na ukimpa mtu mwambie ni nakala. Nakala ni nyingi kwa sababu kitabu chenyewe ni adimu: seti kamili zinazojulikana hazizidi sana 120, na iliyouzwa New York mwaka 2018 ilifikia dola milioni 9.65. Kitu cha bei hiyo hakikosi kunakiliwa.

Sasa kitabu. Hapa nina habari njema, ingawa si ya utajiri. Juzuu yako, kwa maelezo uliyotoa, ina kila dalili ya kuwa ya kale kweli. Francis Orpen Morris alikuwa kasisi wa kijijini huko Yorkshire. Kitabu chake kilianza kutoka mwaka 1850 kwa mafungu ya kila mwezi, na kikakamilika 1857 kikiwa na juzuu 6 na picha zaidi ya 350. Mchapaji, Benjamin Fawcett, alifanya kazi katika mji mdogo wa Driffield, mbali na London. Picha zake zilichongwa kwenye mbao na kupakwa rangi kwa mkono. Kilipendwa, kikatolewa tena na tena hadi 1903. Umaarufu huo ndio unaoshusha bei yake leo: kipo kingi, na juzuu moja pekee isiyo na wenzake, tena bila jalada, haiwezi kukulipia karo ya mtoto. Lakini umeshika kitu ambacho mtu alikipaka rangi kwa brashi zaidi ya karne iliyopita. Weka lenzi yako juu ya picha moja ya Morris, kisha juu ya heroe wa ukutani. Tofauti utakayoiona itakufundisha kuliko maelezo yangu yote haya.

Ili ujue ni toleo gani, tafuta ukurasa wa jina la kitabu. Ukiwepo, soma mwaka na mchapishaji. Ukiwa umepotea, ingia kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library, ambayo ni ya bure na ina maelfu ya vitabu vya viumbe vilivyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Fungua Morris, linganisha namba za kurasa na orodha ya picha. Hesabu picha zako moja baada ya nyingine na uandike kwa penseli, kwenye karatasi ya pembeni, zilizopo na zisizokuwepo. Wanaouza vitabu huifanya kazi hiyo kabla ya kutaja bei, kwa sababu kitabu cha picha kilichopungukiwa hata picha moja hushuka thamani sana. Na usishangae nakala mbili zikitofautiana. Vitabu hivi vilimfikia mteja vipande vipande, naye akapeleka kwa mshona vitabu wake; mmoja alizipanga picha mahali pake, mwingine aliziweka zote mwishoni, na mwingine alisahau fungu moja mezani.

Rafiki yako anayesema ukate hasemi jambo geni. Biashara hiyo ipo tangu zamani, na nikisema haina faida nitakuwa nakudanganya. Kuna vitabu ambavyo picha zake, zikiuzwa moja moja kwa wapambaji wa nyumba, jumla yake huizidi bei ya kitabu kizima. Ndiyo maana vitabu vingi vya Gould na vya Audubon vilivyokuwa vizima havipo tena. Lakini hesabu ya rafiki yako imeacha mambo. Picha moja ya Morris ni ndogo na ya bei ndogo, utatafuta wanunuzi kwa miezi, na zile zinazopendwa zikishatoka, bundi na tai, utabaki na rundo la ndege wadogo wa kahawia wasiotakiwa na mtu. Fremu na usafirishaji vitakula kilichobaki.

Mimi sababu yangu kubwa si fedha. Ukurasa wa ndege uliokatwa hauna tena maneno yaliyoandikwa kumhusu, hauna jirani yake, haujulikani ulitoka toleo gani, na baada ya miaka ishirini hata aliye nao hawezi kueleza ni nini. Vitabu hivi ni kumbukumbu za elimu. Mtafiti anayetaka kujua ndege fulani alijulikanaje mwaka 1855 anahitaji picha na maandishi pamoja. Usikate. Ukipenda picha za peke yake, zipo nyingi ambazo zilishakatwa zamani. Hizo nunua bila kujilaumu, na mwombe muuzaji akuandikie zimetoka kitabu gani.

Nigusie na hili, kwa kuwa wewe ni mtu wa sayansi. Ukale na uzuri wa kitabu si uthibitisho wa ukweli wake. François Levaillant, Mfaransa aliyesafiri Afrika Kusini, alitoa juzuu 6 kuhusu ndege wa Afrika kati ya 1796 na 1808, kazi ya kupendeza kabisa. Mwaka 1857 mwanasayansi wa Uswidi, Carl Sundevall, aliipitia na kuonyesha kwamba baadhi ya ndege waliomo si wa Afrika, na baadhi wameungwa kwa manyoya ya ndege tofauti. Humo humo, lakini, Levaillant aliwapa ndege wawili majina ya Wakhoikhoi aliowajua: Klaas, aliyesafiri naye, na Narina. Kekeo wa Klaas na yule ndege mwenye mgongo wa kijani na tumbo jekundu anayeitwa Narina wanaishi mpaka kwenye misitu ya kwenu Usambara. Kitabu kimoja kimebeba uongo na heshima kwa pamoja, na mkusanyaji mzuri huyajua yote mawili.

Turudi kwenye harufu. Uvundo ni ukungu, na ukungu ni kiumbe hai kinachokula gundi ya mgongo wa kitabu, wanga, na jelatini iliyopakwa kwenye karatasi. Mbegu zake ziko hewani kila mahali, huwezi kuzimaliza. Unachoweza ni kumnyima unyevu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, anaanza kuota, na pwani yetu huvuka kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Nunua kipimaunyevu kidogo ukiweke kwenye kabati, ujue unapambana na nini.

Kitabu kitoe kwenye kabati leo, kitenge na vingine. Kifungue kidogo, kikae kimesimama kwenye chumba chenye hewa inayotembea, na feni ielekezwe ukutani, isikipulize moja kwa moja. Usikianike juani: jua litafifisha rangi na kuikunja karatasi kabla harufu haijatoka. Kikishakauka kabisa, na si kabla, kipeleke nje, vaa barakoa, upanguse ukurasa kwa ukurasa kwa brashi laini, ukielekeza vumbi mbali nawe. Mwenye pumu nyumbani asiwe karibu. Ukipangusa ukungu ungali mbichi utaupaka ndani zaidi ya nyuzi za karatasi. Harufu itapungua kwa wiki kadhaa. Usinyunyize manukato wala dawa ya mbu, na usitumie dawa ya kung'arishia nguo kwenye madoa.

Yale madoa ya kahawia ni jambo jingine. Inadhaniwa kuwa husababishwa na vijidudu vya ukungu wa zamani pamoja na chembe za chuma zilizomo kwenye karatasi, na hayaenei kama kitabu kitakaa pakavu. Yaache. Wakusanyaji wameyazoea, na ukurasa wenye madoa ni bora kuliko ukurasa uliooshwa na asiyejua, kwa kuwa rangi za maji hutoka na maji. Ukikuta ndege mweupe, shakwe au bata maji, amegeuka kijivu kama aliyepakwa masizi, usidhani ni uchafu. Rangi nyeupe ya zamani ilitengenezwa kwa madini ya risasi, nayo ikikutana na salfa ya hewani huwa nyeusi. Mhifadhi aliyesomea anaweza kuirudisha. Wewe usijaribu.

Wadudu nao wapo: mende, mchwa, na kile kijidudu cha rangi ya fedha kinachoteleza ukifungua kabati. Kitabu kinachotoka nje kikae peke yake wiki chache kabla ya kuungana na vingine. Ukiona unga mpya wa karatasi au matundu yanayoongezeka, kifunge ndani ya mfuko wa plastiki uliokazwa, ukiwa umetoa hewa, ukiweke kwenye friza lenye baridi kali, nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri, kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka siku ipite, ili matone ya maji yatokee juu ya plastiki, si juu ya karatasi. Lakini kitabu kikavu tu ndicho kinachofanyiwa hivyo, na baridi huua wadudu, haiui ukungu.

Rafu iwe mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja, na isiguse sakafu. Kiyoyozi kinachowashwa mchana na kuzimwa usiku ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa kuwa karatasi inapumua unyevu na kuutoa kila siku. Jalada lililong'oka lifunge na kitabu kwa utepe mpana wa pamba. Usilibandike kwa gundi ya dukani, na selotepu isiguse kitabu chako kamwe: gundi yake huingia kwenye karatasi, huwa kahawia, na haitoki.

Kuna tahadhari moja ya afya ambayo wauzaji wengi hawaitaji. Vitambaa vya kijani kikali vilivyotumika kufunika vitabu vya katikati ya karne ya 19 wakati mwingine vilitiwa rangi yenye aseniki, na rangi hiyo hiyo ilitumiwa na baadhi ya wapaka picha. Jumba la makumbusho la Winterthur huko Delaware limekuwa likivipima vitabu vya namna hii tangu 2019. Ukikutana na jalada la kijani cha kung'aa la enzi hizo, vaa glavu, livalishe plastiki, osha mikono, na usiache watoto wakichezee. Kulamba kidole ili kufungua ukurasa acha kabisa, kwa kitabu chochote cha umri huo.

Mtu wa mshahara wa mwalimu aanzie wapi? Ushauri wangu ni achague eneo finyu, na wewe eneo lako liko mlangoni. Wako watu wanaokusanya ndege wa Ulaya, wengine kasuku tu. Mwenyeji wa Tanga akikusanya vitabu vya ndege wa Afrika Mashariki atakuwa na faida ambayo mkusanyaji wa London hana: anawajua ndege wenyewe.

Kilele cha eneo hilo kiko juu ya mfuko wako, na si vibaya kukijua. Otto Finsch na Gustav Hartlaub walitoa *Die Vögel Ost-Afrikas* mwaka 1870, ikiwa juzuu ya nne ya safari za Baron von der Decken, yule aliyejaribu kuupanda Kilimanjaro na kuuawa Bardera mwaka 1865. Hondohondo wa nyika zetu mwenye mdomo mwekundu na njano bado anabeba jina lake. George Shelley alitoa kitabu cha ndege wa aina ya chozi, chenye picha 121 za Keulemans, kati ya 1876 na 1880. Anton Reichenow wa Berlin aliandika kuhusu ndege wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1894, na ni yeye aliyempa jina la kisayansi bundi mkubwa wa Usambara mwaka 1908, akimwita kwa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama katika taasisi ya Amani. Vingi kati ya vitabu hivi unaweza kuvisoma bure kwenye maktaba ile ya mtandaoni. Anza kwa kuvisoma.

Kununua, anza karne ya 20. *African Handbook of Birds* ya Mackworth-Praed na Grant, juzuu mbili za Afrika Mashariki na Kaskazini-Mashariki za 1952 na 1955, ina picha za rangi na bado inapatikana kwa bei ya mtu wa kawaida. Juu yake kuna juzuu 3 za Sir Frederick Jackson kuhusu ndege wa Kenya na Uganda, zilizotoka 1938 baada ya yeye kufariki, W. L. Sclater akizikamilisha. Hizo ni za kuwekea akiba. Watu hudharau vitabu vya miaka hiyo kwa kuwa picha zake zilichapwa kwa mashine, nami siafikiani nao. Ndimo ndege wetu walimokusanywa kwa mara ya kwanza kwa namna ambayo msomaji wa hapa angeweza kutumia. Angalia tu kurasa zinazong'aa: zimepakwa udongo laini, zikilowa hushikana na hazibanduki tena.

Unaponunua kwa mbali, mwandikie muuzaji kabla ya kulipa. Je, picha zote zimehesabiwa na zimo? Kuna ukurasa uliorudishiwa kutoka nakala nyingine? Rangi ni za mkono au za mashine, na kama ni za mkono, zilipakwa wakati ule au juzi? Omba picha ya pembe za karatasi, ya mgongo, na ya ukurasa mmoja kwa karibu sana. Muuzaji mzuri atajibu bila kukasirika. Walio katika vyama vilivyo chini ya International League of Antiquarian Booksellers wamefungwa na kanuni za kueleza bidhaa kwa ukweli na kuirudisha ikiwa maelezo si sahihi. Kwenye mnada kumbuka kwamba ada ya mnunuzi huongezwa juu ya bei, mara nyingi robo au zaidi, kisha posta na ushuru wa forodha. Na kitabu chenye muhuri wa maktaba au wa idara ya serikali, kisicho na alama ya kuondolewa rasmi, kiulizie kwa mwenye muhuri. Juzuu yako ya wamisionari nayo, kama ina muhuri, iulizie kwa kanisa lenyewe na upate barua.

Kuna mambo ya kutofanya kwa maelezo ya kusoma tu. Ukungu ukirudi baada ya kukausha, ukiwa na rangi ya waridi au nyeusi yenye manyoya, kurasa zikishikana, rangi ikianza kupukutika, au kitabu kikilowa mvua, funga, usikwangue, tafuta mhifadhi wa nyaraka. Kitabu kilicholowa chapachapa kigandishe kwenye friza mpaka upate mtu, kwani nje ya hapo ukungu huanza ndani ya siku mbili. Kwa ulipo, waulize Nyaraka za Taifa za Zanzibar pale Kilimani, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye hazina ya vitabu vya Afrika Mashariki. Kuhusu ndege na majina yao ya zamani, idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina watu wanaoijua kazi hiyo. Ukienda, chukua orodha yako ya picha, picha ya ukurasa wa jina, na vipimo vya karatasi kwa sentimita. Kwa hivyo vitatu mtu anaweza kukuambia mengi kabla hujafungua mfuko.